Kinyozi Aliyekubaliana na Kila Mtu

Kinyozi waliyemwita Balozi hakuwahi kuvuka mpaka wa nchi yoyote, lakini ukimuuliza habari za mabunge ya ng'ambo alikuwa tayari kukutajia mpaka rangi ya mapazia. Kibanda chake kilikuwa na kiti kimoja cha kuzunguka, vioo viwili, benchi la wanaosubiri, na redio iliyofungwa kwa mpira kwa sababu mfuniko wa betri ulipotea zamani. Redio hiyo haikuzimwa. Serikali zilianguka, mawaziri walijiuzulu, na Balozi akawa anakung'uta nywele mabegani mwa mtu huku akitikisa kichwa kama aliyeonya mapema.

Sasa, kuna jambo moja lazima ulijue kuhusu maoni yake: hayakuwa yake. Mzee aliyemfundisha kazi alimwachia amri moja tu. Kinyozi habishani na mteja. Mtu amekupa shingo yake, wewe una wembe mkononi, mkianza kubishana atakaa kwa amani gani? Balozi aliishika amri hiyo kuliko wengine wanavyoshika dini. Asubuhi dereva wa lori akisema rais fulani wa ng'ambo ni mwizi, Balozi alijibu, "Tena mwizi wa kutupwa." Mchana mwalimu mstaafu wa hesabu akisema rais huyohuyo ni mkombozi, Balozi alipangusa wembe na kusema, "Tena alichelewa kuzaliwa." Wote wawili walishuka kitini wakiamini wamekutana na mtu mwenye akili.

Mke wake, aliyekuwa akishona mapazia chumba cha nyuma na kusikia yote, hakudanganyika.

"Baba watoto," alimwuliza siku moja, "hivi wewe mwenyewe unaonaje?"

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu chochote."

Balozi alicheka. Mke wake hakucheka. "Bendera hufuata upepo," akasema, akaendelea kukanyaga cherehani.

Habari ya Kihispania ilianza kwa sababu ya benchi. Kulikuwa na rais mmoja wa nchi ya mbali aliyetoa hotuba ndefu kwa Kihispania, redio ikatangaza alichosema, na dereva wa lori na mwalimu mstaafu wakakutana kibandani wakati mmoja. Huyu anasema mfasiri wa redio amepotosha, yule anasema amefasiri sawasawa. Wakamgeukia Balozi aamue. Kukubaliana na mmoja mmoja alikuwa fundi. Kukubaliana na wawili wanaopingana, tena wameketi bega kwa bega, ulikuwa mtihani mwingine. Akajikuta anasema, "Nitajifunza lugha yenyewe, nimsikie mwenyewe kwa masikio yangu." Benchi zima lilicheka hadi redio ikatetemeka. Balozi akaona haya, na haya ikamfikisha darasani.

Darasa lilikuwa Jumatano saa kumi alasiri, katika chumba cha nyuma cha maktaba. Viti vilikuwa vya watoto, kwa hiyo watu wazima walikaa magoti yakigusa kidevu. Aliyefundisha alikuwa bibi mfupi wa zaidi ya miaka sabini, aliyekuja na mumewe kutoka nchi ya Kihispania akiwa bado bi harusi, miaka arobaini na zaidi iliyopita. Alichechemea kwa sababu ya nyonga. Walimwita Bibi Mwalimu, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha Balozi. Ukichelewa alikuambia, "Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako," kisha akakufungulia ukurasa mwenyewe.

Wanafunzi walianza kumi na watano, wakapukutika hadi wanne: mabinti wawili wa chuo, muuguzi mmoja mnene mwenye kicheko cha karibu, na Balozi. Na Balozi ndiye aliyekuwa akiongea kuliko wote. Si kwamba alipatia. Aliongea Kihispania kama mtu anayeshuka ngazi gizani, anajikwaa kila hatua lakini haachi kushuka. Bibi Mwalimu alimpenda kwa hilo waziwazi. Alimletea magazeti ya kwao yaliyopitwa na miezi, na Balozi akayabandika kibandani kati ya vioo.

Somo moja tu lilimshinda. Siku hiyo walifundishwa kupinga. Bibi Mwalimu alisimama mbele yake akasema, "Mimi nasema jua ni la baridi. Niambie hukubaliani nami."

Balozi akafungua mdomo, akaufunga. "Kwa kweli, Mwalimu, kuna siku linakuwa na baridi kidogo."

Darasa liliangua kicheko. Bibi Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. "Ole wako," akasema. "Kwetu asiyejua kubisha hajui kuongea. Mume wangu alinioa baada ya ubishi wa miezi saba, na tangu hapo hatujapumzika." Kisha kicheko kikamwishia ghafla, akatazama dirishani kidogo kabla ya kurudi ubaoni. Hakuna aliyejali, isipokuwa muuguzi.

Mwisho wa muhula kila mmoja alitakiwa asimame dakika kumi aeleze maoni yake juu ya jambo lolote. Balozi akaona hapo ndipo pa kumlipa mwalimu wake fadhila. Angezungumzia siasa za nchi ya Bibi Mwalimu mwenyewe! Alikusanya maoni kama kawaida yake, kwenye kiti. Mteja mmoja, mkandarasi wa barabara, alijua habari za Jenerali aliyewahi kutawala huko zamani. "Yule alikuwa mwanaume," mkandarasi alisema chini ya mashine. "Barabara zilinyooka, madaraja yakajengwa, hakuna mgomo, hakuna takataka."

"Tena watu kama hao hawazaliwi siku hizi," akasema Balozi, na kazi aliyodhani ni ya usiku mmoja ikageuka kuwa Jumapili nzima ya kamusi.

Jumatano akaja na shati la kupigwa pasi. Akasimama, akakohoa, akamsifu Jenerali. Alisifu barabara, akasifu madaraja, akasifu utulivu. Macho yake yalikuwa kwenye karatasi, kwa hiyo hakuona uso wa mwalimu. Alipofika penye nidhamu ya askari, alisikia sauti ndogo. Bibi Mwalimu alikuwa ameiweka chaki mezani, polepole, kama anaweka yai.

"Inatosha," akasema kwa Kiswahili. "Someni ukurasa wa arobaini."

Akachukua mkoba wake, akatoka. Walimsikia akichechemea ukumbini mpaka mlango wa nje. Jumatano iliyofuata kulikuwa na karatasi mlangoni: hakuna darasa. Na iliyofuata tena.

Muuguzi ndiye aliyekuja kibandani. Wanawake hawakuwa na kawaida ya kuingia humo, kwa hiyo benchi zima lilinyamaza.

"Balozi, toka nje nikuambie."

"Nina mteja, dada."

"Mteja wako hana pa kwenda, umemnyoa upande mmoja. Toka."

Akatoka na kitana mkononi. Muuguzi akamweleza pale pale ukutani, bila kumwonea huruma. Alikuwa akienda nyumbani kwa Bibi Mwalimu mara mbili kwa wiki kumfanyisha mumewe mazoezi, na ni kwa ajili ya mzee huyo ndipo alipoanza kusoma Kihispania. Yule mzee, alipokuwa kijana, alikaa miaka miwili katika gereza la Jenerali. Kosa lake lilikuwa kuandika barua gazetini. Kila Jumamosi askari waliwapanga mstari wafungwa na kuwanyoa vichwa kwa wembe mmoja butu, bila maji, huku wakicheka. Tangu alipotoka humo hakuna kinyozi aliyemgusa. Mkewe ndiye humkata nywele, kwa mkasi wa kushonea.

"Ukikiona hicho kichwa utalia," muuguzi akasema. "Kama shamba lililoingiliwa na mbuzi. Sasa sikiliza lililo kubwa. Miaka mitatu iliyopita alipata kiharusi. Kiswahili chote kikafutika. Miaka arobaini ya Kiswahili, Balozi, kwisha! Kimebaki Kihispania tu. Mji mzima huu hana wa kuongea naye ila mke wake. Mimi Kihispania changu kinaishia kwenye 'inua mkono'."

"Masikini."

"Masikini nini, ngoja. Mwezi ujao Bibi Mwalimu anafanyiwa operesheni ya nyonga. Majuma mawili atalala hospitali. Unafikiri alifungua lile darasa kwa nini? Alikuwa anatafuta mtu. Mtu wa kukaa na mumewe alasiri, aongee naye, wabishane, asikae kimya na kuta. Alishakuchagua wewe. Alikuwa akuombe siku ileile, baada ya hotuba yako."

Kitana kilimwanguka Balozi. Hakuinama kukiokota. "Mimi sikujua," akasema.

"Ulijua nini sasa? Huyo Jenerali alikuwa nani kwako? Mjomba wako?"

Balozi akakiokota kitana. Alirudi ndani akamaliza upande wa pili wa mteja, na kwa mara ya kwanza tangu kibanda kifunguliwe, alizima redio. Wakati wa chakula cha jioni alimweleza mke wake yote. Mke wake alimsikiliza bila kutafuna.

"Kesho nenda kaombe radhi," akasema. "Na usimwitikie tu kila atakalosema."

"Akisema mimi ni mpumbavu?"

"Hapo itikia."

Kesho yake alasiri alifunga kibanda mapema akaenda moja kwa moja, kibegi chake cha kazi begani kama siku zote. Nyumba ilikuwa na geti dogo, baraza la saruji na benchi la mbao chini ya dirisha. Bibi Mwalimu alifungua mlango nusu. Alimtazama usoni, kisha akatazama begani.

"Kibegi hicho kina nini?"

"Vifaa vyangu vya kazi, Mwalimu."

"Kiache nje."

Balozi akakisukuma chini ya benchi, mbali kabisa na mlango. Alikuwa ameandaa maneno mengi ya radhi njiani, yote mazuri, yote ya kuokota. Yakamkwama. "Nimekosa, Mwalimu," akasema. "Nimekosa sana."

Bibi Mwalimu alishika ubao wa mlango kupumzisha nyonga. "Ningejua unampenda Jenerali kwa moyo wako, ningekubishia, tukamaliza. Wewe humpendi wala humchukii. Umemwokota njiani kama kipande cha sabuni, ukaniletea zawadi. Hilo ndilo lililoniuma, mwanangu. Maana nilikuwa nimekuzoea."

Balozi alikuwa mtu mzima mwenye miaka hamsini na wajukuu wawili, lakini kusikia "mwanangu" baada ya maneno kama hayo kulimpasua kifua. Akainamisha kichwa.

Sauti nzito ikatoka ndani, kwa Kihispania: nani huyo? Bibi Mwalimu akasita. Akajibu kwamba ni mwanafunzi. Basi aingie, ikasema sauti, au wanafunzi wako hawanywi chai?

Mzee alikuwa kwenye kiti cha mikono karibu na dirisha, mrefu hata akiwa amekaa, mkono wa kushoto umelala mapajani. Muuguzi hakutia chumvi. Nywele zake nyeupe zilikuwa na vilima na mabonde, na juu ya sikio moja kulikuwa na kipara kilichokatwa kwa haraka. Balozi, kama fundi, aliumia machoni. Alisalimia kwa Kihispania, akaketi.

"Unafanya kazi gani?" mzee akauliza.

Ni swali la somo la kwanza, hakuna mwanafunzi asiyelijua. Nyuma ya kiti cha mumewe, Bibi Mwalimu akatikisa kichwa kwa nguvu: usiseme. Na Balozi alijua majibu mengine yote. Dereva, mwalimu, mpishi, seremala, yote yalikuwa ukurasa wa tatu na picha zake. Maisha yake yote alikuwa amewapa watu jibu wanalolitaka. Lakini katika nyumba hii alikwisha kuleta kitu cha kuokota mara moja, na hakuweza kuleta cha pili.

"Mimi ni kinyozi," akasema.

Mkono wa kulia wa mzee, ule mzima, ukakamata kiti. Bibi Mwalimu akafumba macho. Birika likasikika jikoni.

"Wewe," mzee akauliza hatimaye, "huwanyoa watu wasiotaka?"

"Hapana." Balozi alitafuta maneno, akayapata machache, akayapanga alivyoweza. "Mimi namuuliza mtu kwanza. Kila mtu. Hata mtoto. Anayemnyoa mtu bila kumuuliza si kinyozi. Ni mwizi. Hata akijenga madaraja mia, ni mwizi."

Hakuna mteja aliyewahi kumwambia hayo. Alishangaa kuyasikia. Yalitoka kwenye miaka thelathini ya kusimama nyuma ya vichwa vya watu, na alijua ni kweli kama anavyojua njia ya kwake.

Mzee akalegeza mkono kitini. "Madaraja yenyewe," akasema, "mawili yalianguka."

Basi akawa anakwenda Jumatano na Ijumaa. Kila alipofika, kibegi alikiacha chini ya benchi bila kuambiwa. Mzee alikuwa na maoni juu ya kila kitu chini ya jua: mpira, mawaziri, mvua, namna ya kumenya kitunguu. Alikuwa na kiu ya miaka mitatu. Na Balozi, kwa heshima na mazoea, aliitikia. Ndiyo, mzee wangu. Hasa, mzee wangu. Umesema kweli. Siku sita zilipobaki kabla ya operesheni, mzee alimgeukia mkewe akalalamika mbele ya mgeni bila aibu.

"Huyu mtu wako ni mwema, lakini hana meno. Nasema nyeupe, anasema nyeupe. Nasema nyeusi, anasema nyeusi. Ukiniacha naye majuma mawili nitakufa kwa kukubaliwa."

Bibi Mwalimu hakucheka. Balozi aliona uso wake ulivyochoka, akajua anafikiria kuiahirisha operesheni. Muuguzi alikuwa amemwambia kwamba ameshaiahirisha mara mbili, na daktari alisema safari hii asifanye mchezo. Balozi alirudi kwake akiwa mnyonge, na mke wake alipomuuliza kulikoni akasema, "Nimeambiwa sina meno." Mke wake akafikiri kidogo, akasema, "Na wewe ukasema ndiyo, siyo?"

Siku ya mwisho kabla ya operesheni ilikuwa ya mvua. Chumbani kulikuwa na sanduku dogo wazi kitandani; Bibi Mwalimu alikuwa akipanga kanga, mswaki na dawa, akitoa kimoja na kurudisha kingine, kama mtu ambaye hajaamua. Balozi alikaa sebuleni na mzee, wote wawili wakisikiliza mvua ikipiga baraza.

"Kibegi chako," mzee akasema ghafla. "Kinalowa huko nje."

"Si kitu, mzee wangu."

"Kiingize."

Balozi akatoka, akakileta, akakiweka sakafuni katikati yao. Mzee akakitazama kama mtu anayemtazama mbwa asiyemjua. Kisha akaashiria kwa kidevu: fungua. Balozi akafungua. Hakutoa mashine, kwa sababu ya mlio. Alitoa kitambaa, mkasi, kitana, na wembe ukiwa umekunjwa. Wembe akauweka kwenye kiganja kizima cha mzee.

"Shika kwanza," akasema. "Uuone."

Mzee akaushika, akaupima uzito, akaufungua kwa kidole gumba, akautazama makali mpaka aliporidhika. Akaurudisha.

Balozi akasimama nyuma ya kiti. Alikuwa ameliuliza swali hili mara elfu na elfu, bila hata kulisikia. Safari hii alilisema polepole, kwa Kihispania chake cha kujikwaa. "Unataka nikunyoe vipi?"

Jibu halikuja. Balozi akadhani labda amekosea maneno, akataka kurudia, ndipo akaona mabega ya mzee yanapanda na kushuka.

"Hajaniuliza mtu," mzee akasema, "tangu nina miaka ishirini na minne." Akajifuta uso kwa mkono. "Fupi pembeni. Juu uache. Na kipara hiki cha mke wangu, kifiche, asijue kwamba nakijua."

Mkasi ukaanza kazi. Mwanzoni mzee alikaa macho yamefumba, taya limekaza. Nywele zikaanguka, hakuna aliyecheka, maji yalikuwa ya uvuguvugu, na kidogo kidogo shingo ikalegea. Na shingo ikishalegea, kila kinyozi anajua, mdomo hufuata.

"Siasa zote ni upuuzi," mzee akasema, wembe ukiwa nyuma ya sikio. "Kupiga kura ni kupoteza siku. Wote ni walewale. Mtu mwenye akili akae nyumbani."

"Ndi..." Balozi akaanza, na neno likamfia mdomoni. Alimkumbuka baba yake. Baba yake alitembea siku nzima kwenda kupiga kura ya kwanza ya maisha yake, akarudi na wino kidoleni, akakataa kuuosha wiki nzima. Mama alimlisha kwa mkono wake, akimtukana, na baba anatafuna huku amenyanyua kidole juu ili kila apitaye aone. Balozi alikuwa na miaka minane. Hajawahi kumsimulia mtu kibandani.

Aliondoa wembe nyuma ya sikio, akaukunja, akauweka mezani. Amri ni amri: wembe ukiwa mkononi, hakuna ubishi.

"Sikubaliani nawe," akasema.

Mzee akafumbua macho. "Umesemaje?"

"Sikubaliani nawe hata kidogo! Baba yangu hakuwa mjinga." Akamsimulia kidole na wino, huku Kihispania kikianguka na kuinuka, na mzee akamkatiza kabla hajamaliza, na baba yako alimpigia nani, na huyo aliyempigia alifanya nini, enhe, niambie alifanya nini! Balozi akasema hilo si hoja. Mzee akasema hiyo ndiyo hoja yenyewe. Akageuka kitini kumkabili, kitambaa shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa, uso umewaka kama wa kijana.

Chumbani, Bibi Mwalimu alikuwa amesimama na kanga mkononi. Miaka mitatu mumewe hakuwa na wa kubishana naye ila yeye peke yake. Aliketi ukingoni mwa kitanda, machozi yakamtoka na kicheko kikamtoka, vyote kwa pamoja, akaviacha vitoke. Kisha akaitia kanga ndani ya sanduku, akalifunga.

Alipotokea mlangoni wanaume wote wawili walikuwa wananyoosheana vidole.

"Nenda zako hospitali, mke wangu," mzee akasema bila kumtazama. "Ukae hata mwezi. Huyu bado sijammaliza."